Moja Mbele ya Jina: Maisha ya Guru Nanak

 

Ndugu wasomaji, wengi wenu mmeshawahi kupita Makindu kwa basi, mkitoka Nairobi kwenda Mombasa au mkirudi. Pale kando ya barabara kuna hekalu la Masingasinga, wale tunaowaita pia Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926 na mafundi na wafanyakazi wa reli. Msafiri yeyote akiingia hupewa chakula bila malipo, wala haulizwi dini wala kabila. Mwaka jana gari letu liliharibika karibu na hapo, tukaingia. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukakaa chini kwa mstari, tukaletewa chapati, dengu na chai. Nyama haiingii jikoni mwao, kwa hiyo suala la kuchinja halikutusumbua. Hata hivyo mwenzetu mmoja alikataa kula, akabaki na biskuti zake. Sikumlaumu. Anayetaka hukumu ya jambo hilo amwulize sheikh wake, asiniulize mimi wa mwaka wa tatu.

Kilichonishika mimi ni alama iliyoandikwa ukutani, ile ile niliyoiona baadaye kwenye bendera na kwenye vitabu vyao. Mzee aliyekuwa akikusanya sahani aliniona nikiitazama. Kwa Kiswahili safi kabisa cha Ukambani akanieleza kwamba kitu cha kwanza pale si herufi, ni tarakimu. Ni moja. Husomwa Ik Onkar, yaani Mungu ni mmoja.

Mimi nimezaliwa Mocímboa da Praia, kwenye pwani ya Cabo Delgado. Huko ndiko nilikofundishwa alifu juu ya ubao, na fundi wetu wa chuo akatuambia kwamba alifu imesimama peke yake kama Aliyeiumba. Na ni huko huko nilikowaona watu wakibeba bendera yenye shahada huku wakichoma nyumba za watu wanaoswali. Kwa hiyo ninaposikia mtu akitaja umoja wa Mungu, siku hizi nauliza kwanza aliishi vipi yule anayeutaja. Niliporudi chuoni (hiki cha sasa, si kile cha ubao) nikaanza kusoma habari za mtu aliyeitanguliza ile moja. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kabla sijaendelea, niseme jambo la kielimu. Habari nyingi za Nanak zimo katika visa vinavyoitwa janamsakhi, vilivyokusanywa na wafuasi wake miongo kadhaa baada ya kifo chake. Sisi wa somo la hadithi tutauliza mara moja: sanadi iko wapi? Sanadi kama tunayoijua sisi haipo. Ni kama manaakibu ya mawalii wetu: kuna kiini cha historia, na kuna mapenzi ya wanafunzi yaliyokizunguka. Nitajaribu kuonyesha kipi ni kipi pale ninapoweza.

Nanak alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, Punjab, mahali ambapo leo panaitwa Nankana Sahib na pako Pakistan. Baba yake, Kalu, alikuwa Mhindu wa tabaka la Khatri na kazi yake ilikuwa ukarani wa hesabu za mazao na kodi ya ardhi. Mwenye ardhi alikuwa Mwislamu, Rai Bular. Delhi ilitawaliwa na masultani wa Kiafghani wa ukoo wa Lodi. Hivyo mtoto huyu alikua akisikia adhana na kengele za hekalu katika kijiji kimoja, na baba yake akila mshahara kwa Mwislamu. Hali hiyo si ngeni kwetu watu wa pwani.

Alisomeshwa hesabu na maandishi ya Kihindi kwa mwalimu wa Kihindu, kisha Kiajemi kwa maulana. Visa vinasema kwamba alipofikishwa kwenye alifu alisimama hapo, akaona kwamba herufi ile ni sawa na tarakimu ya moja, na kwamba hiyo moja ni Mungu. Siwezi kuthibitisha kama hilo lilitokea kweli, lakini niliposoma hapo nilimkumbuka fundi wangu na ubao wake. Alipofikia umri wa kuvishwa uzi mtakatifu, ule ambao wanaume wa matabaka ya juu ya Kihindu huuvaa begani, aliukataa mbele ya wageni wote, kwa hoja kwamba uzi wa pamba huchakaa na kukatika.

Baba alitaka mfanyabiashara. Akampa rupia ishirini aende mjini kununua bidhaa za kuuza kwa faida. Nanak alikutana njiani na mafakiri wenye njaa, fedha zote zikaishia kwenye chakula chao, akarudi mikono mitupu kukabili hasira ya baba. Dada yake mkubwa, Nanaki, ndiye aliyekuwa akimtetea siku zote, na mwishowe ndiye aliyemwondoa nyumbani. Mume wake alikuwa mtumishi wa serikali katika mji wa Sultanpur, chini ya liwali Daulat Khan Lodi. Huko Nanak akatafutiwa kazi ya kutunza ghala la liwali, kupokea nafaka na kuzipima kwa mizani. Alikwisha kuoa, na mkewe Sulakhani akamzalia wana wawili, Sri Chand na Lakhmi Das.

Hapo ghalani ndipo kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kwa Kipunjabi neno la kumi na tatu, tera, linafanana na neno la yako. Nanak alikuwa akipima nafaka na kuhesabu kwa sauti, na kila akifika kumi na tatu moyo wake ulihama kutoka kwenye hesabu kwenda kwa Mola wake, akawa anarudia neno lile lile huku akiendelea kuwamiminia watu nafaka. Watu wakapeleka maneno kwa liwali kwamba ghala linafujwa. Vitabu vikakaguliwa. Hesabu zikaonekana sawa.

Mtu wa uhasibu atacheka. Lakini angalieni kwamba visa havikumfanya kuwa mlevi wa ibada aliyeharibu amana ya watu. Vimesisitiza kwamba mizani ilitoka salama.

Kati ya mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, wengi husema 1499, alikwenda kuoga alfajiri katika mto Bein karibu na Sultanpur, asirudi. Nguo zake zilikutwa ukingoni. Mto ukapekuliwa kwa nyavu, watu wakaamini amekufa maji. Siku ya tatu akatokea, akakaa kimya siku nzima, na alipofungua kinywa alisema neno lililozua zogo mjini: kwamba hakuna Mhindu na hakuna Mwislamu.

Neno hilo linaweza kueleweka vibaya, na kadhi wa mji alilielewa kwa ubaya wake wote. Kama maana ni kwamba dini zote ni kitu kimoja, sisi hatukubali, na sidhani ndiyo maana aliyoikusudia. Namna maisha yake yalivyokwenda baadaye inaonyesha kwamba alikuwa akisema: ninyi mnaojiita Wahindu na ninyi mnaojiita Waislamu, mbona siwaoni? Ushahidi uko kwenye kisa kinachofuata.

Kadhi alimshitaki kwa liwali, na liwali akamwalika msikitini waswali pamoja. Nanak akaenda. Imamu alikuwa kadhi mwenyewe. Watu walirukuu na kusujudu, Nanak akasimama tu, tena inasemekana alicheka. Baada ya salamu kadhi akaja juu. Nanak akamjibu kwamba wakati wote wa swala kadhi alikuwa nyumbani kwake, akimwaza mwana-farasi aliyezaliwa karibuni asije akatumbukia kisimani uani. Liwali alipodai kwamba angalau yeye alikuwa akiswali, aliambiwa kwamba alikuwa Kabul akinunua farasi. Visa vinasema wote wawili walinyamaza, na liwali akakiri.

Nimewasomea kisa hiki wenzangu wawili chumbani na wote wawili, bila kuambiwa, wakaanza kuzungumza juu ya simu zao. Sisi wenyewe tuna mlango mzima wa khushuu katika fikihi na tasawwuf, na Imamu Ghazali aliandika kurasa nyingi juu yake karne nne kabla ya Nanak. Kwa hiyo alichokisema hakikuwa kigeni kwa kadhi. Uchungu ulikuwa kwamba amekisema mtu wa nje.

Baada ya hapo aliacha kazi na kuanza safari zilizochukua zaidi ya miaka ishirini. Aliyefuatana naye alikuwa Mwislamu, Mardana, mpiga rababu wa tabaka la wanamuziki maskini, aliyetoka kijiji kimoja naye. Nanak alitunga na kuimba, Mardana akapiga nyuzi. Katika visa Mardana ndiye anayelalamika njaa, anayechoka, anayetaka kurudi nyumbani kuona watoto. Bila yeye visa vingekuwa vya malaika tu. Walikwenda mashariki hadi Bengal, kusini hadi Sri Lanka, na kaskazini kwenye milima ya Himalaya. Huko Haridwar, kando ya mto Ganges, Nanak aliwakuta watu wakirusha maji kuelekea jua kwa ajili ya marehemu wao. Akageuka akarusha ya kwake upande wa magharibi. Walipomshangaa alieleza kwamba anamwagilia shamba lake la Punjab, na kama maji yao yanafika kwa wafu, basi ya kwake yatafika shambani, tena shamba liko karibu zaidi.

Na magharibi? Visa vinasema alifika Makka, Madina na Baghdad. Kile cha Makka ni maarufu: alilala miguu ikielekea Kaaba, akaamshwa kwa ukali, akamwomba aliyemwamsha aigeuzie miguu kule ambako Mungu hayuko, na kila ilipogeuzwa Kaaba nayo ikageuka. Wanahistoria wengi wana shaka na safari hiyo, na muujiza wenyewe sisi hatuupokei. Kibla kwetu ni amri ya Allah na ndicho kinachotuunganisha safu moja, na kukielekea si madai kwamba Yeye yuko upande mmoja. Hilo Suratul Baqara imelieleza wazi, na Mwislamu yeyote wa Makka angeweza kumjibu Nanak hivyo hivyo. Nadhani aliyekitunga kisa hakuwahi kumsikia Mwislamu mwenye elimu akijibu. Ndiyo sababu nakiweka chini ya kile cha mwana-farasi.

Sasa nifike mahali palipoifanya makala hii iandikwe.

Babur, mfalme Mwislamu kutoka Kabul, aliivamia Punjab mara kadhaa kabla ya kumshinda sultani wa Delhi mwaka 1526. Katika uvamizi mmojawapo, karibu mwaka 1521, mji wa Saidpur ulitekwa na kuchomwa, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Sultani aliyekuwa akitawala alikuwa Mwislamu, mvamizi Mwislamu, na waliokufa walikuwa Wahindu na Waislamu pamoja. Visa vinasema Nanak na Mardana walikuwepo, wakafungwa, wakabebeshwa mizigo na kusagishwa nafaka. Lakini hapa hatutegemei visa peke yake, kwa sababu Nanak aliacha tungo nne juu ya uvamizi huo, na zimo katika kitabu chao kitakatifu hadi leo.

Nilizisoma kwa tafsiri usiku mmoja, nikashindwa kulala. Anawataja wanawake wa nyumba za heshima walivyokokotwa, wa Kihindu na wa Kiislamu, kila mmoja na namna yake ya kuvaa na ya kulia. Anawataja mapiri na masheikh waliotegemewa wazuie jeshi kwa dua na hirizi, wasiweze kumpofusha askari hata mmoja. Anawashutumu watawala waliolala katika anasa mpaka adui akafika mlangoni. Kisha anamgeukia Mungu mwenyewe na kumwuliza kama hakuona uchungu wowote. Hamtetei Babur kwa kuwa anamtaja Mungu mmoja. Wala hamkatai Mungu kwa sababu ya Babur.

Mocímboa ilishambuliwa kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwezi Agosti 2020 waliuchukua mji wote, wakaushika mwaka mzima, hadi Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoingia. Sisi tulikuwa tumeshakimbilia Pemba, watu kumi na mmoja ndani ya nyumba ya vyumba viwili ya shangazi. Nilikuwa kijana wa sekondari na swali langu lilikuwa la kitoto: hawa wanasema neno lile lile ninalolisema mimi katika tashahudi, sasa mimi niseme nini? Mzee wangu alinijibu kwamba nisiwaachie neno, kwa kuwa si lao. Sikumwelewa wakati ule. Nilipomsoma Nanak juu ya Saidpur nilimpigia simu.

Mji ule uliochomwa ndiko pia linakotajwa jina la Lalo, seremala maskini ambaye Nanak alipanga kwake na kula mkate wake mkavu, akiukataa mwaliko wa tajiri wa mji. Inasemekana mkate wa tajiri ulipokamuliwa ulitoka damu, na wa Lalo maziwa. Hilo la kukamua niliache kwa wenyewe. Kwamba alikula kwa seremala wa tabaka la chini ni jambo zito zaidi, kwa mtu aliyezaliwa Khatri katika India ya wakati ule.

Miaka ya mwisho, karibu kumi na minane, alikaa mahali pamoja. Alianzisha makazi yaitwayo Kartarpur, maana yake mji wa Muumba, kando ya mto Ravi. Alivua nguo za msafiri akavaa za mkulima, akaishi na mkewe na wanawe, akalima. Alfajiri na jioni watu walikusanyika kuimba, na katikati ya hapo walifanya kazi. Chakula kilipikwa chungu kimoja na kuliwa na wote wakiwa wamekaa chini kwa mstari mmoja, Brahmini na mfagiaji. Tunaoswali safu moja na kula sinia moja huenda tusiuone uzito wake. Huko, kula pamoja na mtu wa tabaka jingine kulimfanya mtu anajisi. Jiko la Makindu ni mtoto wa jiko hilo.

Na hapo ndipo turudi kwenye ile alama. Onkar ni neno la kale la Wahindu, linalotokana na Om, na wafasiri wao wengi waliligawa Om katika sauti tatu, wakaziambatanisha na nguvu tatu za kimungu. Nanak hakulifuta neno lile. Aliweka tarakimu ya moja mbele yake. Neno linaweza kufasiriwa na kugawanywa, lakini moja ikishaandikwa mwanzoni hakuna wa kuigawa. Maandishi ya Gurmukhi yanayotumika leo yaliimarishwa na mrithi wake, na katika alama hiyo baada ya moja inafuata herufi ya kwanza ya alfabeti yao, ikiwa wazi mdomo, na mstari mrefu unaopinda juu yake. Kitabu chao, kilichokusanywa mwaka 1604, kinaanza nayo, na mara baada yake yanafuata maelezo mafupi: kwamba Mungu ni Muumba, hakuzaliwa, wakati haumpati, hana hofu, na hana uadui. Msomaji wa Suratul Ikhlas atatambua mengi hapo. Ndani ya kitabu hicho hicho zimo pia tungo za Baba Farid, Sufi Mwislamu wa karne ya 13.

Tusipakane mafuta, tofauti zipo na ni kubwa. Nanak alifundisha kuzaliwa tena na tena, jambo tusilolikubali. Sisi tunaamini unabii umekhitimishwa kwa Muhammad (s.a.w.), yeye kwetu si nabii. Baada yake walifuata maguru tisa, na vilemba na upanga tunavyowajua navyo Masingasinga vilipangwa na wa kumi, Gobind Singh, mwaka 1699, baada ya guru wa tano na wa tisa kuuawa chini ya wafalme Waislamu wa ukoo wa Babur. Damu nyingine ikamwagika mwaka 1947 Punjab ilipokatwa vipande viwili, pande zote zikiua. Hayo nayo ni historia yetu na yao.

Mwaka 1539, kabla ya kufa, aliwaacha wanawe akamchagua mwanafunzi wake Lehna, akampa jina Angad, awe mrithi. Alifariki mwezi Septemba. Visa vinasema Waislamu walitaka kumzika na Wahindu walitaka kumchoma, naye akawa ameusia kila upande uweke maua yake kando ya mwili, ambao maua yao yatabaki mabichi asubuhi wamchukue. Asubuhi shuka ilipofunuliwa maua yote yalikuwa mabichi na mwili haupo. Wakaigawa shuka nusu kwa nusu, wengine wakaichoma, wengine wakaizika, na pakajengwa kaburi na hekalu jirani.

Mto Ravi ulikuja baadaye ukayabeba yote mawili. Jengo lililopo sasa Kartarpur ni la karne ya 20, liko upande wa Pakistan, kilomita chache kutoka mpaka, na Novemba 2019 ilifunguliwa njia ya Masingasinga wa India kuvuka kulizuru bila viza. Hekalu liko ndani. Kaburi liko nje uani, limejengwa upya kwa umbo la makaburi ya Kiislamu, na wanavijiji Waislamu wa jirani huja kusimama hapo.